Mtoto wa Magomeni, nikaingizwa mjini Michigan

Kama kuna anayedhani mtoto wa Dar haingizwi mjini, aje anione mimi. Nimekulia Magomeni Mapipa. Kariakoo nilikuwa siinunui redio mpaka ifunguliwe mgongo mbele yangu, nihesabu waya. Lakini mwaka 2014, nikiwa nimeshakaa mtoni miaka saba, nilimhesabia mzungu mmoja dola 16,500 taslimu kwa gari ambalo halikuwa lile alilosema. Na ukweli, bwana we, ulikuwa umeandikwa kwenye kioo cha mbele, mchana kweupe!

Ugonjwa wenyewe ulinianza zamani, kwa kinyozi. Kinyozi wetu alikuwa na kalenda ya magari ya Marekani, mwaka wake umeshapita lakini hakuna aliyethubutu kuibandua. Ukurasa ulioachwa wazi ulikuwa wa Pontiac GTO ya 1968, ya kijani, haina taa inayoonekana mbele maana zilifichwa nyuma ya grili. Unakaa kwenye kiti, mashine inapita kisogoni, macho yako pale. Wenzangu walikuwa wakijiapiza kuhusu mademu, mimi nikajiapiza kuhusu Pontiac.

Tuelewane kidogo kuhusu mnyama huyu. Wamarekani huyaita magari ya misuli: gari la ukubwa wa kati, injini ya kutisha. Mwaka 1964 mainjinia wa Pontiac, mkuu wao akiwa John DeLorean, walichukua Tempest, gari la kawaida la baba mwenye familia, wakalitumbukizia V8 ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4. General Motors, kampuni mama, ilikuwa imekataza magari ya ukubwa ule kuzidi inchi 330. Wajanja wakasema hili si gari jipya, ni nyongeza tu: unalipa dola 295 na senti kadhaa juu ya bei, unafungiwa. Jina GTO wakaliazima kwa Ferrari bila kupiga hodi. Mwaka ule wa kwanza wakauza 32,450.

Ya 1968, ile ya kwa kinyozi, ilikuwa na injini ya inchi 400 yenye nguvu za farasi 350. Bampa ya mbele haikuwa chuma cha kung'aa kama ya wenzake. Ilikuwa laini, imepakwa rangi ya bodi, na kwenye matangazo waliitwanga kwa mtaimbo ikarudi kama ilivyokuwa. Baadaye bima ikapanda, sheria za moshi zikakaza, mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na GTO ile ikakata roho 1974. Jina lilirudishwa 2004, likadumu hadi 2006, na mwaka 2010 Pontiac yenyewe ikafungwa.

Sasa kitu kisichotengenezwa tena unajua kinavyogombewa. Mwaka uleule nilioingizwa mjini mimi, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971, ya paa la kukunja, iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5, kwa sababu zilitoka kama 11 tu. Penye ngawira za namna hiyo, feki haikosi.

Langu nililiona kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, saa mbili kwa gari kutoka ninapoishi. Kijani! GTO kwenye grili, GTO kwenye buti. Hata ile saa ya kuonyesha mizunguko ya injini, ambayo Pontiac walikuwa wakiifunga nje, juu ya boneti, ilikuwepo. Jamaa akawasha. Ardhi ikatetemeka, nami magoti yakafuata. Nilizunguka mara tatu nikijifanya fundi, nikagonga milango, nikachungulia ndani kupitia kioo cha mbele niangalie viti. Bei za nzuri zilikuwa juu ya 25,000, yeye alitaka 17,000. Nikaomba apunguze, akapunguza 500 haraka haraka. Pale ndipo mtoto wa Magomeni alipaswa kushtuka.

Na katika hizo 16,500, dola 5,000 hazikuwa zangu. Yaani zilikuwa akaunti yangu, jasho langu la ghala usiku kucha, lakini nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba ni za bati. Nyumba yake ya Tabata ilikuwa inavuja vyumba viwili, na masika haikuwa mbali. Nikampigia, nikamwambia mambo ya kodi ya serikali yameniingilia, avumilie kidogo. Akasema, 'Haya mwanangu, Mungu atajalia.' Wala hakuuliza swali.

Wiki mbili nilitembea kama waziri. Kisha jirani yangu, mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha Pontiac baada ya miaka 31, akavuka barabara na kikombe chake cha kahawa. Hakufungua boneti wala hakuingia uvunguni. Aliinama tu upande wa dereva, akasoma kibati kidogo kilicho chini ya kioo, kisha akaninyooshea kidole nisome mwenyewe.

237.

'Kijana,' akasema, 'GTO ya 1966 hadi 1971 namba yake inaanza na 242. Hii ni LeMans.'

Nikabisha. Mtu akishaumia lazima abishe kwanza. Nikamwambia na injini je? Akacheka, akasema V8 za Pontiac za miaka ile, ndogo na kubwa, kwa nje zinafanana kama mapacha. Tukafungua, akafuta grisi, tukasoma herufi zilizopigwa kwenye bloku: injini ya inchi 350. Ni injini nzuri tu, lakini haikuwa ya GTO. Halafu akachukua sumaku ya kwenye friji yake, akaipitisha juu ya matairi ya nyuma. Ikaanguka. Ilipoanguka palikuwa na puti, na chini ya puti, kutu. Bampa, grili, herufi na ile saa ya boneti vilikuwa vimenunuliwa dukani na kufungwa na mtu mwenye subira.

Akaniambia pia kwamba kuna huduma inaitwa Pontiac Historic Services, inazo kumbukumbu za kiwanda. Unawapa namba ya gari, unalipa, wanakutumia nakala inayoonyesha lilivyotoka siku ile: injini, gia, rangi. Nikaagiza, kwa ubishi tu. Ikaja. LeMans, na rangi yake ya kuzaliwa wala haikuwa kijani! Muuzaji nikampigia simu mpaka namba ikawa haipatikani. Karatasi niliyosaini ilisema gari linauzwa lilivyo. Wakili hata hakutaka nikae kitini.

Masika ikafika. Mdogo wangu akanitumia picha kwenye simu, sebuleni kwa mama: ndoo mbili, beseni, na sufuria lile kubwa la pilau la shughuli. Akaandika tu, 'Kaka, kodi bado?'

Sasa sikia. Juni 2015, nikiwa kituo cha mafuta (galoni moja, maili kumi na moja, usiniulize), kijana mmoja akasimama ananitazama kama mimi nilivyotazama kalenda ile. Mrefu, mikono imechafuka oili, anafanya kazi gereji ya matairi. Akasema ameweka akiba miaka minne, anatafuta GTO ya 68. Akanipa 19,000 palepale, kwa mdomo. Tukaandikiana namba, tukapatana aje Jumamosi.

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu zote. Bati zinapatikana, na faida inabaki. Sikuhitaji hata kusema uongo, ningenyamaza tu. Herufi zipo kwenye grili na sikuzifunga mimi. Mbona mimi nilinyamaziwa?

Jumamosi akaja na fedha ndani ya bahasha, na dada yake wa kumrudishia gari alilokuja nalo. Akazunguka mara tatu. Akagonga milango. Akaweka viganja kwenye kioo cha mbele kuchungulia viti, na mimi nimesimama nyuma yake naona kile kibati kipo sentimita chache chini ya kidevu chake, naye hakioni.

Nikamwambia, 'Soma hizo namba tatu za mwanzo.'

Akasoma. Hakuelewa, ikabidi nimweleze mwenyewe, na kuyasema yale maneno kwa mdomo wangu yaliniuma kuliko siku ya kwanza. Hakunishukuru. Alinitazama kwa hasira, kama mimi ndiye tapeli, akaondoka. Na mimi nikaingia ndani bila bati.

Jioni ile nikampigia mama, nikasema yote: kodi hakuna, kuna gari. Kimya. Kisha akauliza, 'Linabeba watu wangapi?' Nikasema watano. Akasema, 'Hata kama ni teksi basi lingeniletea bati.' Tukacheka, lakini yeye alinyamaza kabla yangu.

Bati lilikwenda Machi 2016, baada ya miezi tisa ya zamu mbili. Vyumba vyote, si viwili.

Gari ninalo hadi leo. Breki zake ni za ngoma pande zote nne, unakanyaga leo linasimama kesho. Kutu nimeitoa, nikachomelea vyuma vipya kidogo kidogo kila mshahara. Herufi nilizitoa siku ileile aliyoondoka yule kijana: unafungua buti, unafungua nati kwa ndani, zinatoka. Matundu nimeyaacha. Jumamosi ya tatu ya Agosti huwa nalitoa kwenda Woodward Avenue, kwenye yale maandamano ya magari ya zamani yaliyoanza 1995, na kila mwaka hakosi mzee wa kuniinulia kidole gumba akipiga kelele, 'GTO!'

'LeMans!' namjibu, na dirisha nimeshalishusha lote.