Sifuri ya asubuhi

Najua nimewatelekeza, wiki tatu bila hata mstari mmoja, mpaka wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, bado nipo nipo. Ila nilikuwa nimegombana na mtu, na chanzo cha ugomvi ni kalipa. Ndiyo, kalipa. Kaeni vizuri basi.

Kwa wale wa sheria na elimu: kalipa ni kile kifaa cha chuma chenye taya mbili, unabana kitu unasoma upana wake. Kidato cha kwanza tulipewa ile ya venia, ya kukodolea mistari mpaka machozi yanatoka. Yangu ni ya dijitali, ina kioo kidogo, unabana tu na namba inatokea mpaka sehemu ya mia ya milimita. Niliinunua kwa bumu la muhula uliopita, na nakiri nilikuwa najidai nayo. Karakana nzima mtu akitaka kupima kitu ananitafuta mimi.

Sasa mradi wetu wa mwaka wa mwisho ni mashine ya kupukuchua mahindi. Tupo wanne. Mwenzangu mmoja, nimwite Jirani kwa sababu vyumba vyetu hosteli vinapakana, ndiye mwenye mkono mzuri kwenye mashine ya kukereza, kwa hiyo yeye anakereza na mimi napima. Jumanne ile kazi ilikuwa ncha za shafti, pale panapokaa beringi. Tulitumia beringi namba 6204. Hiyo tundu lake ni milimita 20, nje ni 47, unene 14, na ukiinunua Kariakoo au Tokyo vipimo ni vilevile. Kwa hiyo ncha ya shafti ilitakiwa iwe 20 na unywele juu yake, ili beringi iingie kwa kubana.

Asubuhi nilifunga taya, nikabonyeza kitufe cha sifuri, kioo kikaonyesha 0.00. Nikazima ili nisimalize betri, nikaiweka kwenye trei pembeni ya mashine. Palepale yanaporuka yale maji meupe ya kupoozea chuma. Tukaenda chai, tukarudi, kazi ikaanza. Jirani anapunguza kidogo, anasimamisha, mimi nabana kalipa juu ya shafti, nawasha, nasoma. 20.41. Anapunguza tena. 20.20. Tena kidogo. 20.01.

"Hapohapo, usiguse tena!" Nilisema kwa sauti kabisa, kama refa.

Tukachukua beringi. Mnajua inavyotakiwa kuwa, uigonge taratibu na bomba mpaka ikae. Yetu iliingia yenyewe, pwaa, na ikawa inacheza kama pete ya mtu aliyekonda. Ncha nyingine nayo vilevile. Na chuma kikishakatwa ndiyo kimeshakatwa, hakuna cha kurudisha.

Kimya. Halafu mimi, mwenye kalipa, nikafungua mdomo.

"Umepitiliza."

"Si wewe uliyesema usiguse?" akajibu Jirani. "Sijagusa."

"Mimi nimesoma 20.01. Kalipa haidanganyi. Utakuwa umesogeza kisu wakati nimegeuka."

Hapo ningeishia labda ingekuwa yamekwisha. Lakini nikaongeza, mbele ya wenzetu wawili, kwamba ndiyo maana mwaka wa pili alipata sapu ya karakana. Jamani. Ile sapu naijua mimi, alifanya mtihani akiwa ametoka kwenye msiba kwao. Hakunijibu kitu. Alizima mashine, akafuta mikono kwa tambara, akaondoka. Usiku nilisikia mlango wake ukifunguliwa na kufungwa, na hakupita kwangu kama kawaida yake.

Usingizi haukuja. Beringi ilikuwa bado mfukoni mwangu, kalipa mezani, nikawa nachezea tu kwa mawazo. Nikaibana ile beringi kwa nje. 47.13.

Mwanzoni nilicheka, nikasema beringi feki hii. Halafu kicheko kikakata. Beringi wanaisugua kiwandani kwa usahihi ambao hiyo kalipa yangu hata haiwezi kuuona, na kipimo cha nje kinaruhusiwa kupungua kwa chembe, siyo kuzidi. Nikatoa beringi, nikafunga taya mpaka mwisho. Kioo kikasema 0.13.

Yaani taya zimeshikana kabisa na yeye anadai kuna 0.13 katikati. Piga hesabu: 20.01 toa 0.13 ni 19.88. Jirani alikuwa hajapitiliza chochote. Alikata pale nilipomwambia akate.

Nikazima, nikawasha. 0.13. Nikafungua taya zote, nikafunga tena. 0.21. Hata kwenye uongo wake haikutulia mahali pamoja!

Asubuhi sikwenda kipindi, nilikwenda kwa fundi wa karakana. Shikamoo fundi, marahaba, kuna nini? Nikamweleza yote isipokuwa ile ya sapu. Akaniuliza swali moja: "Ulipowasha ukiwa kwenye shafti, ulifunga taya kwanza ukaona sifuri?" Nikasema hapana fundi, niliiweka asubuhi. Akatikisa kichwa kidogo, akachukua kalipa.

Alichonionyesha nakiandika kwa sababu wengi wenu mna kalipa kama yangu. Chini ya ile stika yenye namba kuna vipande vya shaba vimepangwa kama meno ya kitana. Kichwa kinachoteleza kina vipande vyake, na saketi inasoma jinsi umeme unavyobadilika kati ya hivi na vile, halafu inahesabu imetembea kiasi gani. Kuhesabu tu. Hizi za bei rahisi hazijui zilipo, zinajua zimesogea kiasi gani tangu ulipobonyeza sifuri. Na kile kitufe cha kuzima kinazima kioo peke yake, ndani saketi inaendelea kuhesabu na kula betri hata ikiwa kabatini. (Kumbe ndiyo maana betri zinaisha bila kazi!) Betri ikichoka, au maji yakipenya kati ya vipande, hesabu inaruka, na ukiwasha inakupa namba kwa ujasiri uleule. Fundi ana ya Mitutoyo, ile aina inayosoma mahali ilipo moja kwa moja, hiyo ukiiwekea mwanzo inaukumbuka mpaka ubadilishe betri. Bei yake tusiizungumzie hapa.

Akaitoa betri yangu, ile LR44 iliyokuja nayo, akaipima kwa mita. 1.3 na kidogo, wakati mpya huwa na 1.5 na ushee. Akaniambia nitafute SR44, umbo ni lilelile ila yenyewe inashikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho, wakati LR44 inashuka polepole bila kukuaga. Akafuta ule mwili wa kalipa kwa kitambaa na spiriti kidogo, akaacha ikauke kabisa. Halafu akabana karatasi safi kati ya taya, taratibu, akaivuta itoke. Ilitoka na mstari mweusi na chembe mbili za chuma. Akafunga taya akaziinua dirishani tuone kama mwanga unapenya. Haukupenya. Ndipo akabonyeza sifuri. Akafungua na kufunga mara tano. 0.00 zote, moja tu ikawa 0.01, akasema hiyo ni ruksa. Beringi: 47.00.

"Na sehemu ya kukaa beringi hupimi kwa hii," akamalizia. "Ukikaribia njoo uchukue maikromita." Sikubisha.

Kutoka pale mpaka hosteli ni dakika kumi, mimi nilitumia nusu saa. Jirani alikuwa anafua. Sikuwa na hotuba. Niliibana beringi mbele yake, nikamwonyesha 47.00, nikamwambia jana ilisoma 47.13. Anajua hesabu, hakuhitaji nimfafanulie. Akaendelea kufua shati.

"Na ile ya sapu?" akauliza baadaye, bila kuniangalia.

Nikamwambia ile haikutoka kwenye kalipa, ilitoka kwangu, na naomba anisamehe. Hakusema sawa wala siyo sawa. Alinipa ndoo nikamletee maji.

Jumamosi nilikwenda Gerezani kununua chuma kingine kwa hela yangu, shilingi 25,000, ndiyo maana mkiniona nakula wali maharage mfululizo msiulize. Kabla ya kazi niliwaambia wale wenzetu wawili kosa lilikuwa la nani. Mmoja akanitania, mwingine akanyamaza tu, afadhali yule wa utani.

Jirani akawasha mashine. Alipofika karibu na 20.5 akasimamisha, nikanyoosha mkono kupima. Akanizuia, akachukua kalipa mwenyewe, akafuta taya kwa kidole gumba, akazifunga, akanigeuzia kioo. 0.00.

"Haya," akasema, "sasa pima."