Budondo: Mbao Zishikanazo Bila Gundi

Msafiri atokaye mjini Jinja kwenda kaskazini hupita Kimaka, penye uwanja wa ndege na chuo cha maofisa wa jeshi, kisha huingia Budondo, katika nchi ya Wasoga. Mto Nili humfuata upande wa kushoto, na migomba upande wa kulia. Wengi waliijua Budondo kwa maporomoko ya Bujagali, yaliyofunikwa na maji mwaka 2011 bwawa lilipojazwa. Mwaka uliofuata mitambo ya umeme yenye nguvu ya megawati 250 ilizinduliwa.

Jambo lililonisimamisha njiani lilikuwa kazi ya seremala mmoja mzee, aliyekuwa akiunda kitanda chini ya mti. Hakuwa na gundi wala msumari wa chuma. Alichonga ulimi mwishoni mwa ubao wa musizi, akauingiza katika tundu la mguu, akatoboa vyote viwili kwa keekee, kisha akapigilia kigingi cha mvule.

"Shikamoo mzee. Kigingi hiki kitashikaje bila gundi?" nilimwuliza.

"Marahaba, mwanangu. Ubao huu ungali na unyevu kidogo, na kigingi nimekikausha juu ya meko. Kikiisha ingia kitakunywa unyevu huo, kitanenepa, wala hakitatoka."

Maneno hayo yaafikiana na elimu ya wahandisi. Mti ukipata unyevu hutanuka kwa unene, lakini kwa urefu hautanuki ila kidogo mno. Kwa hiyo kigingi kikavu hulibana tundu lake pande zote. Kinyume chake ni hatari: kigingi kibichi hunywea kikaukapo, na kitanda huanza kulia usiku.

Msomaji aweza kujipimia mwenyewe nguvu ya maungo. Weka mbao mbili, moja juu ya nyingine, juu ya matofali mawili, kisha ukae katikati. Zitapinda, na ncha zake zitatelezeana. Mbao hizo zisizoungwa zina ugumu mara mbili tu ya ubao mmoja. Kama zingekuwa kitu kimoja kabisa, ugumu ungekuwa mara nane. Vigingi huzifikisha mahali fulani katikati ya viwango hivyo viwili, kwa maana huzuia kuteleza, ingawa haviwezi kukukomesha kabisa kama gundi nzuri. Mzigo ukiwa umeenea ubao mzima, kuteleza huwa kukubwa karibu na ncha; huko ndiko vigingi vistahilipo kukaribiana. Vikipigwa kwa mshazari husaidia zaidi.

Ujuzi huu si mgeni katika Afrika Mashariki. Mitepe ya pwani ilishonwa kwa kamba za nazi, na mbao zake zikashikizwa kwa vigingi vya mti. Siku hizi huko Ujerumani na Uswisi hujengwa sakafu na kuta za mbao laini zilizopigiliwa vigingi vya mti mgumu, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, wamechunguza vigingi vya mti ulioshindiliwa kwa joto, ambavyo huvimba tena viingiapo tunduni.

Kwa jamaa za askari, ambao uhamisho huwakuta mara kwa mara, jambo hili lina maana nyumbani. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa, na msumari wa chuma hupata kutu. Basi unaponunua kitanda cha watoto, kitikise kwa mikono miwili. Tazama kama ulimi umejaa tunduni, au nafasi imezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Uliza kigingi kilikaushwa wapi. Lakini sakafu ya ghorofa au paa lisijengwe kwa kukisia. Mhandisi na akague kwanza.

Miti ya mvule iliyokuwa fahari ya Busoga imepungua sana kwa kukatwa, na kuukuza mmoja huchukua miaka mingi. Musizi hukua upesi, lakini mbao zake ni laini. Fundi ajuaye kuunga aweza kutumia mvule kwa vigingi tu, na musizi kwa kazi iliyobaki. Kipande ambacho mwingine angekitupa motoni kikatosha kitanda kizima.