Kuteremka Mombasa kwa Njia ya Pwani

Kwetu Kiriaini bahari ilikuwa jambo la kitabuni. Asubuhi ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukafunika mashamba ya chai, hata mtu asiuone mti wa jirani yake. Na mtoto aliyekulia katika ukungu ule alisadiki kwa shida kwamba iko nchi ambayo macho hayazuiwi na kitu mpaka maji na mbingu yakutanapo. Nilikuwa na umri wa miaka 12, Desemba ya 1996, baba aliposema kwamba tutakwenda Malindi kumtembelea ndugu yake aliyekuwa mwalimu huko, kisha tutateremka Mombasa kwa barabara ya pwani.

Tulisafiri katika pikapu ya baba, ambayo siku nyingine zote ilichukua kabichi kwenda sokoni. Baba alifunga turubai nyuma, akatandika magodoro mawili, na mama akapakia jiko, masufuria na gunia la viazi, kana kwamba pwani watu hawali. Sisi watoto watatu tulikaa huko nyuma pamoja na mama. Mbele aliketi nyanya yetu, ambaye kwa Kikuyu twamwita Cucu. Hakuna aliyetazamia kwamba angekuja. Kwa miaka mingi alikataa kwenda hata Nairobi ila kwa haja kubwa. Lakini aliposikia njia tutakayoifuata, alijifunga kitambaa kichwani akawa garini kabla ya jogoo la pili.

Habari za Murang'a, Thika na Nairobi nitazipita upesi, kwa maana nilizipita nikiwa na kichefuchefu. Baada ya Mtito Andei joto lilituingia chini ya turubai kama mvuke wa sufuria. Tulivuka Mto Tsavo, na kaka yangu akatusimulia habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, akiongeza chumvi hata simba wakawa kumi. Mbele ya hapo gari lilisimama ghafula. Tulidhani ni pancha. Kumbe Cucu alikuwa amemgusa baba begani.

Mahali penyewe paliitwa Manyani. Katika siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaweka kizuizini maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru bila ya kuwahukumu, na Manyani ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa kupita zote. Gereza liko hapo mpaka leo. Guka, yaani babu yetu, alikaa katika kambi ile zaidi ya miaka miwili. Aliporudi alilima, akalea watoto, akafa mwaka 1989. Na katika maisha yake yote sikumsikia akilitamka jina la Manyani. Baba alilijua jambo hili. Sisi hatukulijua mpaka saa ile, mama alipotunong'onezea gizani mwa turubai.

Cucu alishuka peke yake. Alisimama kando ya barabara akiitazama miiba na udongo mwekundu, mikono nyuma, kama mtu akaguaye shamba analotaka kulinunua. Aliporudi hakulia wala hakusema neno, ila alimwambia baba aendeshe.

Mariakani tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya Kaloleni, na daraja la Kilifi tulilivuka usiku wa manane pasipo kujua. Hivyo bahari niliiona kwa mara ya kwanza asubuhi, Malindi, nayo ilinivunja moyo. Kitabuni ilikuwa ya buluu; pale ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa! Ami alicheka, akaeleza kwamba Mto Sabaki humwaga udongo katika ghuba hiyo, na kwamba maji yake ndiyo ya Mto Athi, yaliyotoka upande wa Nairobi na Kiambu. Nikauliza juu ya Mathioya, mto wetu. Akasema Mathioya huingia katika Tana, na Tana huishia baharini kaskazini zaidi, karibu na Kipini.

"Basi udongo umetutangulia kufika," akasema Cucu. Akachovya kidole majini, akakionja, akatema.

Siku ya tatu tukashika njia ya kusini. Tulipitia Gede, mji wa mawe ulioachwa na watu wake katika karne ya 17, ambao sasa miti imeota ndani ya nyumba zake. Dada yangu alikataa kuondoka kisimani mpaka alipovutwa. Kilifi tuliliona daraja mchana. Lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake magari yalivushwa kwa kivuko, na ami alisema watu walipoteza nusu ya siku wakingoja zamu. Chini yake maji yalikuwa ya buluu kama ya kitabuni, nami nikaisamehe bahari. Karibu na Vipingo, katikati ya mikonge isiyo na mwisho, gurudumu lilipasuka kweli, na saa mbili zikapotea.

Kwa sababu hiyo tulivuka daraja la Nyali jua likiwa limekwisha inama. Baba alitaka tukimbilie Fort Jesus. Alimweleza mama yake kwamba ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na kwamba Waingereza waliifanya gereza mpaka 1958.

"Gereza nimekwisha liona," Cucu akajibu. "Nipeleke stesheni."

Baba alizima gari. Ndipo Cucu alipotueleza sote. Huko Manyani, Guka alipokosa usingizi, aliisikiliza treni ya usiku iendayo Mombasa, akayahesabu mabehewa kwa taa zake yapitapo nje ya seng'enge. Aliporudi nyumbani alimwahidi mkewe kwamba siku moja watakwenda pamoja kuona inakofika. Kwanza ada za shule zikazuia, kisha ng'ombe, kisha kifua chake.

Treni ile haipo tena. Tangu 2017 abiria huenda kwa reli mpya, na stesheni yake iko Miritini, nje ya kisiwa. Lakini jioni ile ilikuwapo, imejipanga, taa zikiwaka madirishani. Tulifika ikianza kuondoka kwenda Nairobi. Cucu alisimama ukingoni, akinyoosha kidole kwa kila behewa lililopita, midomo ikienda bila sauti, mpaka la mwisho likapotea.

"Kumi na manne," akasema. Akafikiri kidogo. "Guka wako alikuwa akisema kumi na saba. Labda mengine aliyahesabu mara mbili, apate usingizi."