Kaa Darasani Kwanza

Shinyalu, Kakamega

Mwanangu,

Mvua ya alasiri haijatuacha, na baba yako anakusalimu ingawa bado amenuna kwamba uliniandikia mimi kabla yake.

Umeniuliza mambo mawili: kama uchukue kazi katika ile shule ndogo ya Nairobi inayomweka mtoto mbele, na kama ulipie mafunzo ya mawasiliano ya upole ili uwe mwezeshaji wa kuzunguka ukiwafunza walimu wenzako. La kwanza, nenda. La pili, ngoja.

Usidanganywe kwamba kumweka mtoto katikati ya somo kulikuja na mtaala wa CBC mwaka 2019. Mwishoni mwa ukoloni kulikuwa na mpango ulioitwa New Primary Approach: watoto vikundi vikundi, vitu vya kushika mkononi, kujifunza kwa kutenda. Ulisambazwa mbio kuliko walimu walivyoandaliwa, ukafifia. Baadaye, mwaka 1985, ukaja mtihani wa KCPE, tukakaririsha watoto hadi mwaka 2023 ulipofanywa kwa mara ya mwisho. Wazo halikuwa na kasoro. Lililokosekana ni mwalimu aliyekwishazoea kulitenda mbele ya umati wa watoto, na mtu wa kumshika mkono akichoka. Ndiyo sababu nataka uzoee kwanza.

Hata huo upole si mgeni kwetu. Kanisa la Friends, yaani Marafiki, limekuwa Kaimosi tangu 1902, na vita vya baada ya uchaguzi vilipotuumiza, Marafiki walikutana Kakamega mjini Januari 2008 kutafuta la kufanya. Warsha za kuzuia ukatili walizozieneza hapa magharibi zilizaliwa mwaka 1975 katika gereza moja la New York, wafungwa na Marafiki wakishirikiana. Ni mafunzo mazuri. Huyo Marshall Rosenberg unayemtaja, aliyeanzisha hayo mawasiliano ya upole, naye namheshimu. Lakini nimewaona wawezeshaji wanaofundisha upole asubuhi, na saa nne wanamkaripia anayewaletea chai.

Hatua zake nne wazijua: taja ulichokiona, taja unavyojisikia, taja unachohitaji, kisha omba. Sasa mwambie mtoto wa gredi ya pili hapa Isukha kwamba unahuzunika kwa kuwa hitaji lako la utaratibu halijatimizwa. Atakukodolea macho tu, na wenzake watacheka.

Chukua mtoto aliyechelewa hapa kwetu. Mama yake ametoka alfajiri kwenda kuosha mchanga wa dhahabu, akamwachia mdogo wake hadi nyanya afike. Anasimama mlangoni, matope hadi magotini. Ukisema, "Wewe kila siku unachelewa," umemhukumu, tena huenda umesema uongo, maana jana aliwahi. Sema, "Umeingia tukiwa tumemaliza kuhesabu. Asubuhi ilikuwaje nyumbani?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo walimu wengi hushindwa. Kimya kinawawasha, wanakijaza kwa mahubiri. Wewe subiri, na akikujibu kwa Luisukha mwache aseme kwa Luisukha. Akimaliza, mpe jambo moja analoweza: "Kesho ukichelewa, ingia, kaa pale dirishani, nitakuja kukuonyesha tulipofika." Basi, rudi ubaoni. Hakuna cheti cha jambo hilo. Utalijifunza saa saba mchana ukiwa na njaa, watoto arobaini na zaidi wakikuita kwa pamoja.

Wazazi watakuuliza mbona huchapi. Kiboko kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inaweza kumpa mkosaji faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Lakini usianze kwa kumsomea mzazi sheria. Mfungulie daftari la mwanawe la mwezi uliopita na la leo, aone.

Sasa mambo ya tumbo. Kabla ya yote, namba yako ya usajili wa walimu ya TSC iwe mkononi, hata kama shule ni ya kibinafsi. Nafasi za serikali zikitangazwa, tuma maombi, hata ukiipenda hiyo shule. Pensheni si kitu cha kudharau ukiwa na miaka ishirini na minne. Jiunge na Sacco mapema, hata kwa akiba kidogo. Shule za namna hii huwa na maneno matamu na mikataba myepesi, kwa hiyo uliza wazi: mshahara unalipwa Agosti na Desemba shule zikifungwa? NSSF inapelekwa kweli au inakatwa tu? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Mtoto akimuuma mwenzake, nani anakaa naye wakati wewe unaendelea na darasa? Swali hilo la mwisho litakuonyesha kama upole wao una mtu wa kuufanyia kazi au umebandikwa ukutani tu.

Ada ya mafunzo waliyokutajia ni kubwa. Usikope. Maliza miaka mitatu minne darasani, andika kila Ijumaa ulichojaribu na kilichokushinda, ndipo uende. Utakuwa na maswali ya kumuuliza mwezeshaji, naye atakukumbuka.

Mkataba nitumie kwa simu, kila ukurasa, na ule wa nyuma wenye maandishi madogo. Baba yako niachie mimi.

Shangazi yako, Senje