Mbalamwezi kwenye Slaidi ya Nne

Mara ya kwanza nilipomaliza kuwasilisha utafiti wangu hapa Ujerumani, ukumbi mzima uligonga meza kwa vifundo vya vidole. Nikajua nimeharibu. Kwetu Ujiji, ukigongewa meza ujue umewachelewesha watu chai. Kumbe ndiyo makofi yao ya chuoni, na siku ile niligongewa kwa huruma tu, maana nilikuwa nimeharibu kweli.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari katika sayansi ya kompyuta. Natengeneza programu inayojifunza kutokana na data ili ikisie dagaa watakaoshushwa kwenye mialo ya Kigoma. Slaidi ya nne ni grafu ya dagaa wa kila siku. Mstari unapanda, unaporomoka, unapanda tena, na kila baada ya siku 29 au 30 unarudia mchezo uleule. Halafu katikati ya 2024 kuna shimo la miezi mitatu. Nilipita hapo kwa sekunde kumi nikakimbilia hesabu, kwa kuwa hesabu ndizo zilizoninyima usingizi.

Maswali yalipofika, wote wanne walionyoosha mikono waliuliza kuhusu slaidi ya nne. Data imepotea? Kifaa cha kupimia ni kibovu? Mmoja aliuliza, kwa upole unaouma, kama niliikagua kabla ya kuja.

Hawakujua kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Giza likiwa nene, dagaa huifuata taa na wavu huinuliwa wakiwa wamesongamana. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote linakuwa na taa isiyo yako; dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Lile shimo nalo ni amri ya serikali: kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa ziwa ili samaki wazaliane. Mtoto wa darasa la tatu pale mwaloni Kibirizi anayajua yote mawili. Ndiyo maana sikuyasema. Nani husimama mbele za watu kuwaambia kwamba mwezi unaangaza?

Msimamizi wangu alinipa nasaha za Simon Peyton Jones, mmoja wa waliobuni lugha ya programu iitwayo Haskell, kuhusu kuwasilisha utafiti. Ni kali. Una dakika mbili za kumteka msikilizaji kabla hajaanza kusinzia. Usifungue kwa orodha ya yaliyomo. Mfano ndiyo silaha yako. Nikafyeka slaidi tisa za hesabu ikabaki moja, na mwanzoni nikaweka picha ya ziwa usiku, taa zimetapakaa kama mji umejengwa juu ya maji. Safari hiyo waligonga meza kwa nguvu.

Desemba nikarudi nyumbani, nikapitia semina moja Dar es Salaam. Nilipewa dakika ishirini, na sita zikaliwa na itifaki: mgeni rasmi, meza kuu, waheshimiwa kwa vyeo vyao, kisha mwongoza shughuli akakumbuka amemsahau mmoja. Hapo nawaunga mkono Wajerumani bila haya. Wao hukunyooshea kadi ya dakika tano, kisha ya dakika moja, kisha mwenyekiti anasimama, na akishasimama huna la kuongeza.

Kigoma ilikuwa habari nyingine. Baba mdogo ana mitumbwi, akaita watu darasani. Umeme ukakatika kabla ya slaidi ya kwanza. Nikapewa chaki. Lakini kabla ya chaki kulikuwa na salamu, mtu mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, habari za huko, baridi mnaiwezaje, mzee wako tulimzika tukiwa wengi, alhamdulillahi. Nilikuwa nachungulia saa kama mzungu. Ila zilipokwisha nilijua nina nani mbele yangu: mwenye mitumbwi mitatu, kijana wa kuchaji taa, mzee aliyeacha ziwa kwa sababu ya macho, na mama anayenunua dagaa wabichi kuwaanika mchangani. Ulaya naingia ukumbini nikiwa sijui hata mmoja anatoka wapi, kisha nakisia gizani wanachokijua na wasichokijua.

Pamoja na hayo, nikaanza na mwezi, kwa mazoea. Baba mdogo akanikatiza: "Mwanangu, mwezi tunaujua. Hiyo mashine inakisiaje?"

Yaani hesabu zilezile nilizofyeka ndizo walizozitaka. Nikawaambia ni kama kijana mgeni mtumbwini: kila usiku anataja idadi ya mabeseni, asubuhi anaambiwa amekosea kwa mangapi, kesho anajirekebisha, na hachoki. Mzee akauliza, ziwa lilipofungwa, kijana wako alisemaje? Nikakiri kwamba Juni yote alitabiri dagaa, usiku baada ya usiku, kana kwamba watu wako ziwani. Walicheka mpaka mwenye mitumbwi mitatu akafuta machozi. Ujerumani nililiandika kosa hilo kwa herufi ndogo chini ya jedwali, na aliyelisoma alitaka tu kujua nimelinganisha na algorithimu gani nyingine. Swali zuri, lilinipa kazi ya miezi miwili.

Mama wa dagaa alinyamaza mpaka mwisho. Nje wingu lilikuwa limeshuka upande wa Kongo. "Wakiwa wengi au wachache nitawanunua tu," akasema. "Mvua ikiwakuta mchangani wanaoza. Mashine yako itaniambia leo nianike au nisianike?"

Data yangu inaishia kwenye mzani wa mwaloni. Nikamwambia haijui.

Slaidi yangu ya mwisho ilikuwa ikisema "Asanteni". Wiki iliyopita, hapa Ujerumani, niliweka swali la mama yule badala yake, nikanyamaza. Hakuna aliyegonga meza. Profesa mmoja wa safu ya mbele akauliza dagaa hukauka kwa saa ngapi, na ikabidi nimpigie baba mdogo simu palepale, kadi ya dakika moja ikiwa tayari hewani.