Nilimnyima Alama Aliyesoma Kuliko Mimi

Kosa ninaloliungama hapa si la uchanga wa kazi. Nilikwisha kufundisha Fasihi ya Kiswahili miaka mingi nilipompa mwanafunzi alama mbovu kwa uchambuzi wa kitabu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekifungua. Na kama hilo halikutosha, nikamfanya kichekesho mbele ya wenzake.

Tulikuwa tumemaliza mada ya majazi, yaani mhusika kupewa jina linalolandana na tabia yake. Ni mada tamu kuifundisha kwa sababu mifano iko tele. Shaaban Robert peke yake anamaliza kipindi. Katika Kusadikika (1951) waziri anayemshitaki Karama anaitwa Majivuno, na katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wawili wanaomwonea Adili kijicho wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mwandishi hafichi kitu. Ukishasikia jina, mtu umemjua. Nikawaagiza wanafunzi waende maktaba, kila mmoja atafute kitabu cha watoto cha lugha yoyote na achambue majina ya wahusika watatu.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alichagua kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, kile cha Alice aliyetumbukia kwenye shimo la sungura. Ndani yake mna karamu ya chai, na panya mmoja msinziaji anasimulia kisa cha dada watatu walioishi chini ya kisima: Elsie, Lacie na Tillie. Binti aliandika kwamba Lacie ni Alice mwenyewe, herufi zimepanguliwa tu na kupangwa upya. Akaongeza kwamba kwa hiyo hata hao wawili waliobaki lazima wawe watu wa kweli, ila yeye hajawajua.

Nilichora mstari mwekundu katikati ya aya na kuandika pembeni: "Uhakiki si ramli." Siku ya kurudisha madaftari nikaisoma ile aya kwa sauti ya kejeli, darasa likaangua kicheko. Binti akasimama, akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, ukizihesabu herufi ni zilezile." Nikamwambia akae chini.

Sikuzihesabu. Zilikuwa herufi tano tu, na ubao ulikuwa nyuma yangu.

Muda mrefu baadaye, binti akiwa ameshamaliza shule, niliangukia nakala ya kitabu kilekile yenye maelezo ya Martin Gardner, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1960. Pembeni ya kisa cha panya yule nikakuta jibu la mwanafunzi wangu, pamoja na lile alilosema hajalijua.

Lewis Carroll lilikuwa jina la kalamu la Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford. Tarehe 4 Julai 1862 yeye na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua mabinti watatu wa mkuu wa chuo hicho, wakapanda mashua na kupiga makasia katika Mto Thames. Njiani akawatungia hadithi. Mabinti hao ni Lorina, Alice na Edith Liddell. Elsie ni Lorina, kwa kuwa herufi za mwanzo za majina yake mawili, Lorina Charlotte, ni L na C, na Mwingereza akizitaja hizo unasikia "el-si". Tillie ni kifupi cha Matilda, jina la utani ambalo Edith aliitwa nyumbani. Lacie ndiye Alice. Dada watatu wa kisimani ni dada watatu wa kwenye mashua.

Hata ndege wanaokauka pamoja na Alice baada ya kuogelea katika dimbwi la machozi wamo katika mchezo huo. Bata ni Duckworth, kasuku aitwaye Lory ni Lorina, kinda la tai ni Edith, na Dodo ni mwandishi mwenyewe. Hili halikubuniwa na wahakiki: Dodgson alipomzawadia Duckworth nakala ya hadithi hiyo, aliandika kwamba inatoka kwa Dodo kwenda kwa Bata.

Najua utetezi ambao ningeweza kuuleta, kwamba mwalimu ana wajibu wa kuzuia wanafunzi wasione maana hata pale isipokuwepo. Ni kweli wapo wanaochambua kama wapiga bao. Lakini dai la jina lililofichwa hupimwa. Kwanza, je, linaingia lote bila kulazimishwa? Herufi tano za Lacie ni herufi tano za Alice, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Pili, je, na majina jirani yanakubali? Yote matatu yanakubali. Tatu, je, mwandishi ana mazoea hayo? Huyu alikuwa nayo tangu zamani. Jina Lewis Carroll lenyewe alilipata kwa kuyageuza majina yake Charles Lutwidge kuwa ya Kilatini, kuyapindua, kisha kuyarudisha katika Kiingereza. Mawili kati ya majina mengine aliyompelekea mhariri wake mwaka 1856 yalikuwa ni herufi za Charles Lutwidge zilizopanguliwa. Na kitabu cha pili cha Alice, cha mwaka 1871, kinafungwa kwa shairi la mishororo 21 ambayo herufi zake za kwanza, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, zinatoa jina kamili la Alice Pleasance Liddell.

Mwanafunzi wangu alipita kipimo cha kwanza kwa macho yake, akakikisia cha pili kwa akili yake. Mimi sikufika hata cha kwanza. Nilikuwa nimezoea majina ya Shaaban Robert, yanayomwambia kila msomaji jambo lilelile. Nikaamini kwamba jina lisilo na maana katika kamusi halina maana kabisa. Sikuwaza kwamba mwandishi anaweza kuweka jina kwa ajili ya watoto watatu tu, na sisi wengine tukapita bila kuliona wala hadithi isituharibikie.

Dada, kama makala haya yatakufikia: ulikuwa sahihi, nami nilikukosea mara mbili, kwa kalamu na kwa kicheko. Naomba radhi hadharani kama nilivyokuaibisha hadharani. Na kwenu walimu wenzangu, mwanafunzi akikuletea dai linalokushangaza juu ya kitabu usichokisoma, usimwandikie chochote kwa wino mwekundu. Mwite, fungueni ukurasa wenyewe, mhesabu pamoja.