Je, Mgonjwa Aambiwe?

Katika mjadala wetu wa jioni muhula huu lilizuka swali hili: mtu akiwa na ugonjwa usiotazamiwa kupona, je, aambiwe? Wengi walisema asiambiwe, kwa kuwa habari kama hiyo humvunja mtu moyo na kumwua kabla ya siku zake. Mimi nalisema aambiwe, na hapa nataka kueleza sababu zangu.

Kwanza yafaa tujue hospisi ni nini. Si hospitali ya kuponya, wala si nyumba ya kungojea kufa. Ni utunzaji wa mgonjwa ambaye dawa za kuponya zimekwisha kushindwa, ili asiteseke kwa maumivu, na akae na watu wake kwa utulivu. Hospisi ya kwanza ya namna ya leo, St Christopher's, ilifunguliwa London mwaka 1967 na Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kwanza na daktari baadaye. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha kazi hiyo mjini Kampala, akitumia mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Watu wa hospisi hawaharakishi kifo wala hawakicheleweshi.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa fundi wa mashua. Aliposhikwa na saratani ya tumbo, daktari alimwita mjomba wangu mkubwa faraghani akamwambia yeye. Mjomba akatuamuru sote tuseme kwamba ni vidonda tu. Nia yake ilikuwa njema. Lakini babu hakuwa mtoto. Aliona kanzu zinampwaya, aliona watu wananyamaza akiingia. Akawa hasemi na mtu. Wakati huo mjomba alikuwa akitafuta mnunuzi wa shamba la minazi, apate fedha za kumpeleka babu India kupasuliwa, ijapokuwa daktari alikwisha sema kupasua hakutafaa.

Mwuguzi wa hospisi alipokuja nyumbani, hakumtupia babu habari kwa ghafula. Alikaa mkekani, akamwuliza, "Babu, wewe mwenyewe waonaje ugonjwa wako?" Kisha akauliza, "Wapenda nikueleze yote, au niseme na wanao?"

Babu akajibu, "Mwanangu, mwili ni wangu. Nieleze mimi, na mwanangu huyu naye asikie."

Akaelezwa taratibu, kwa Kiswahili, bila maneno ya kidaktari. Machozi yalimtoka babu, akanyamaza kitambo. Mjomba alitoka nje akisema, "Mmemwua baba yangu."

Jioni ile babu alimwita mjomba. Alisema shamba lisiuzwe, kwa maana lilikuwa riziki ya bibi. Alisema hataki kupasuliwa, ila dawa ya maumivu aipate. Akataja deni la mbao ambalo halikuandikwa mahali popote, akaagiza lilipwe. Akaonyesha tezo na keekee alizowekewa amana na fundi mwenzake, zirudishwe. Siku ya tatu akamwita nduguye, ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi, wakasameheana mbele yetu. Aliishi majuma saba baada ya hapo, na usiku alipata usingizi.

Mjomba hata leo asema kwamba habari ile ilimfupishia babu siku zake. Mimi siwezi kuzihesabu siku ambazo mtu angaliishi. Lakini nauliza: deni lile nani angalilijua? Na ndugu wale wangalipatana lini?

Tena, hili si jambo la huruma tu, ni haki. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na aelezwe kwamba ana haki ya kukataa. Yataka pia, iwezekanapo, aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Yatoa nafasi ya kumficha hali yake pale tu penye ushahidi wa kutosha kwamba kuijua kutamdhuru. Kwa fahamu yangu, hofu ya jamaa peke yake si ushahidi.

Wenzangu walioshinda mjadala walisema kweli katika jambo moja: habari nzito yaweza kumwumiza mtu. Kwa hiyo asemaye aseme kwa upole, na aulize kwanza. Mgonjwa akijibu, "Sitaki kujua, semeni na mwanangu," hiyo nayo ni haki yake, na aachwe. Kinachonisumbua mimi ni kule kutomwuliza kabisa. Twamwuliza mzee mchuzi autaka na pilipili au bila, kisha twamficha jambo lililo kubwa kuliko yote aliyopata kuamua.

Haya ni maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo la muhula ujao, nami nitayasoma kwa furaha.